Chattanooga siku mbili: watoto wanne wa rika tofauti na bibi mwenye magoti. Tuanzie wapi?

MamaWanne

Habari za humu ndani wapendwa. Shule zimefungwa, baba watoto kapata siku mbili za mapumziko, tumeamua kutoka hapa Nashville twende Chattanooga badala ya kukaa ndani kugombania rimoti. Tutalala huko usiku mmoja.

Msafara wetu uko hivi: binti wa miaka 13 ambaye kila kitu kwake ni "cha kitoto", kijana wa miaka 9, mgonjwa wa treni na chochote chenye injini, wa kike wa miaka 6 asiyetulia hata akiwa amelala, na kitinda mimba wa miaka 2, huyo bado tunamsukuma kwenye kigari. Juu ya hao yupo mama mkwe, kaja kututembelea kutoka Morogoro. Mchangamfu sana, ila magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi.

Nimeperuzi mtandaoni hadi macho yameuma. Kila ukurasa una vivutio ishirini na kitu vya "usikose", na picha zote zina watu wawili vijana wasio na mtoto. Nikilipia watu saba kila mlango tutarudi na madeni. Kwa wanaoufahamu mji: tuchague nini tuache nini? Makumbusho ya sanaa ukiwa na mtoto wa miaka 2 ni kujitafutia aibu au inawezekana? Na huo mlima je? Nilimwonyesha mama mkwe picha za Lookout Mountain akaniuliza, "Mlima? Si nimeuacha Uluguru juzi tu?"

KijanaWaKnox

Rahisi tu dada. Ruby Falls, Rock City na Incline Railway, zote ziko Lookout Mountain, siku moja mmezimaliza. Siku ya pili akwaria, mnarudi nyumbani. Msijichanganye na mengine.

FundiSpana

MamaWanne, kwanza shikamoo yangu imfikie mama mkwe. Mimi ni mkazi wa hapa Chattanooga, kazi yangu ni dereva wa brekidauni, kwa hiyo mji huu naujua kwa barabara zake, maegesho yake na kona ambazo wageni hukwama.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo watu wa Nashville wanapoumbuka. Ninyi mko saa za Kati, sisi huku ni saa za Mashariki. Mkishashuka mlima wa Monteagle kwa barabara kuu ya I-24 na kuukaribia mji, simu zinaruka saa nzima mbele. Mkitoka kwenu saa mbili kamili asubuhi, mkaendesha saa mbili na robo, huku mtaingia saa tano na robo, si saa nne na robo. Na tiketi za akwaria zina saa ya kuingilia. Ziangalieni kwa saa za huku.

KijanaWaKnox kakupa ratiba ya vijana wawili wasio na mtoto, wale wale wa kwenye picha. Ruby Falls ni ajabu, sikatai. Leo Lambert aliyaona yale maporomoko mwaka 1928 akiwa anatafuta njia ya kuingia pango jingine, akayapa jina la mkewe Ruby. Maji yanaanguka futi 145 ndani ya tumbo la mlima, nani asingependa kuona? Lakini kigari cha mtoto hakiruhusiwi. Lifti ikishawashusha kuna karibu maili moja ya kwenda na kurudi, njia nyembamba, sakafu yenye unyevunyevu, na kundi la watu nyuma yenu linasubiri msogee. Mtoto wa miaka 2 atakuwa mgongoni kwa mtu muda wote, na bibi hapati pa kukaa akajinyoosha. Rock City nayo ni ya kukwea: vijia vya mawe, mwanya ambao mtu mnene anapita kwa ubavu, daraja linaloning'inia. Kigari huko ni mzigo. Mkitaka lazima mguse mlima, basi ni Incline, treni ya kupanda mlimani. Hiyo tangu mwaka 1895 inapanda maili moja, na karibu na juu mwinuko wake unafika asilimia 72.7. Unakaa kitini unaona mji unashuka chini ya miguu yako. Inatosha kwa mtu wa Uluguru.

Ushauri wangu: siku ya kwanza msiondoke mtoni. Egesheni gari mara moja, lipieni mlango mmoja mkubwa, vingine vyote viwe vya bure au karibu na bure. Mji wetu ni mdogo, watu 181,000 na ushei kwa sensa ya 2020, na bahati nzuri vitu vyake vimekaa pamoja kando ya maji.

Huo mlango mmoja uwe Tennessee Aquarium. Ni ghali, zaidi ya dola 35 kwa mtu mzima, ndiyo maana nasema mmoja. Ilifunguliwa 1992 na ina majengo mawili, tiketi moja mnaingia yote. Anzeni na jengo la mto, na hapa ndipo magoti ya mama mkwe yatanishukuru: mnapanda hadi juu kabisa kwa ngazi za umeme (lifti ipo pia), halafu safari yote iliyobaki ni kuteremka. Juu ni vijito vya milima ya Appalachia, fisi maji wanarukiana, mwanga wa jua halisi unaingia kwa paa la kioo. Mnavyoshuka ndivyo maji yanavyozidi kuwa mapana na mazito, mto unakuwa mkubwa, mwisho mnafika baharini Ghuba ya Mexico. Mtoto hahitaji kusoma kibao hata kimoja kuelewa kwamba mto una mwanzo na mwisho. Njiani kuna kambare wakubwa mno. Bibi yenu atawahesabia vipande vya kuuza sokoni, mark my words wangesema wenyeji. Mimi nasema subirini muone.

Kuna pia tangi la wazi ambapo mtoto anaruhusiwa kugusa samaki kwa vidole viwili. Ni sturgeon, samaki wa kale mwenye vigaga vigumu mgongoni na pua ndefu. Alishatoweka kwenye Mto Tennessee kwa sababu ya mabwawa na uchafu, na watu wa akwaria hii wamekuwa wakikuza vifaranga na kuwarudisha mtoni kwa zaidi ya miaka 20. Mwambie wa miaka 6 aweke mkono ndani ya maji na autulize kabisa, asimfukuze. Samaki anakuja mwenyewe, anapita chini ya vidole, na ngozi yake ni ngumu halafu ghafla laini. Hapo ndipo utamwona huyo asiyetulia akitulia.

Jengo la pili, la bahari, lilikuja 2005. Pengwini, papa, lemuri wa Madagaska, na chumba cha vipepeo ambacho kina joto la pwani hasa. Wenye miwani wataona ukungu. Mkitoka humo jikagueni migongo, vipepeo wanapenda kupanda lifti ya bure.

Sasa sanaa. Inawezekana kabisa, na tena ni rahisi mfukoni: Hunter Museum of American Art hailipishi walio na miaka 17 kushuka chini, kwa hiyo mnalipa watu wazima tu. Ipo juu ya jabali linaloning'inia mtoni, futi 80 hivi. Kutoka akwaria unaweza kupanda kwa miguu mpaka kwenye daraja la watembeao lenye sakafu ya vioo. Wa miaka 9 atalipenda, mwingine atagoma katikati. Bibi asipande huko. Baba watoto amzungushe kwa gari amshushe mlangoni, nawaruhusu kuvunja sheria yangu ya kuegesha mara moja.

Ndani msianze kuwahubiria watoto kuhusu wachoraji. Hilo jumba kwa kweli ni nyumba tatu za zama tatu zilizoshikanishwa: kasri la matajiri la mwanzoni mwa karne ya 20 lenye nguzo nyeupe, zege la mwaka 1975, na mabati yaliyopindapinda ya mwaka 2005. Mpe kijana wako kazi moja, atafute mahali nyumba moja ilipoungwa na nyingine. Mimi kama fundi napenda viungo, na viungo vya pale ni vya kuangalia: unatoka kwenye sakafu ya mbao inayolia miguuni unaingia kwenye ukuta mtupu wa zege ndani ya hatua moja. Akishaanza kutafuta viungo, picha za ukutani ataziona bila kulazimishwa. Wa miaka 2 akae kwenye kigari mkifika kwenye kazi za vioo, tena kigari kiwe mbali na meza. Dakika arobaini na tano, hamsini, tokeni. Nje kuna bustani ya sanamu ya River Gallery, bure, sanamu ziko kwenye majani na maua, mtoto anakimbia na hakuna mlinzi wa kukohoa.

(Jina la Hunter linatokana na mtu wa fedha za Coca-Cola. Mwaka 1899 mawakili wawili wa mji huu waliuziwa haki ya kuweka Coca-Cola kwenye chupa kwa dola moja. Mama mkwe akisikia hiyo atauliza kwa nini babu zetu hawakuwepo.)

Kwa binti wa miaka 13 nina kitu tofauti, na nakuomba usimruke kwa kudhani ni mdogo. Kwenye mwanzo wa daraja la Walnut Street, upande wa mjini, kuna kumbukumbu ya Ed Johnson iliyozinduliwa 2021. Johnson alikuwa kijana Mweusi aliyesingiziwa kumshambulia mwanamke mzungu. Mawakili wawili Weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, walichukua kesi yake hadi Mahakama Kuu ya Marekani kule Washington, na mahakama ikaamuru asinyongwe mpaka rufaa isikilizwe. Usiku wa tarehe 19 Machi 1906 kundi la watu likavunja jela, likamtoa, likamnyonga kwenye daraja hilo hilo mtakalopita na kigari. Mawakili ikabidi waukimbie mji. Lakini mahakama haikunyamaza: ilimshitaki mkuu wa polisi wa kaunti, Joseph Shipp, kwa kuidharau amri yake, ikamtia hatiani 1909. Ndiyo kesi pekee ya jinai ambayo Mahakama Kuu ya Marekani imewahi kuiendesha yenyewe. Hukumu ya Johnson ilifutwa mwaka 2000. Sanamu zake na za mawakili wake ziko chini pale, za kimo cha mtu, unasimama nazo uso kwa uso. Mwache binti asome mwenyewe, msimtafsirie, msimharakishe. Watoto wa umri huo wanachoka kudanganywa kwamba kila safari ni pengwini.

Akionyesha kuguswa, siku ya pili mpelekeni Bessie Smith Cultural Center kwenye Martin Luther King Boulevard. Barabara hiyo zamani iliitwa Ninth Street, na Bessie, mwimbaji wa blues, alianza kwa kuimba hapo kando ya njia akiwa mtoto, wapita njia wakimtupia senti. Humo ndani kuna historia ya Weusi wa Chattanooga yote, si ya muziki peke yake.

Nimeandika sana, chai imepoa. Siku ya pili nitakuja kuiandika baadaye.

MamaWanne

Fundi, Mungu akuweke. Hilo la saa lingetumaliza, baba watoto alishanunua tiketi za akwaria za saa nne na nusu! Amebadilisha sasa hivi. Nasubiri siku ya pili. Na mvua ikinyesha? Na kuna punguzo lolote kwa familia kubwa?

BintiYaKisumu

Naishi Atlanta na tumeenda Chatt mara si haba. Fundi ameongea vizuri lakini hapo kwa Rock City amekuwa mkali bure. Binti yangu wa miaka 14 alinuna akwaria yote, kisha Rock City ndiyo ikamfungua uso. Unajua wale wa rika hilo wanataka mahali pa kupiga picha, na pale juu kuna lile jabali la kuonea mbali, wanasema unaona majimbo saba. Ndani ya pango kuna vijitu vya hadithi vinavyong'aa kwenye giza, vya ajabu ajabu, vya zamani sana, alicheka mpaka machozi. Gawanyeni familia. Baba aende na wakubwa wawili jioni jua likipungua, nyanya abaki hotelini na wadogo.

Pia nikuonye kuhusu makumbusho ya watoto: ni tamu kwa wadogo, lakini mtoto akipita miaka kumi atakaa kwa benchi na simu. Usimlipie.

FundiSpana

BintiYaKisumu, nakubali kugawanya familia, na nilikuwa naelekea huko huko. Majimbo saba sijawahi kuyahesabu. Mimi naona miti tu, miti haina vibao. Ila sifa moja nawapa watu wa Rock City. Walifungua 1932, na miaka michache baadaye wakaanza kujitangaza kwa kumtuma mtu apake rangi mapaa ya maghala ya wakulima barabara hadi barabara, maandishi makubwa ya kuwaita watu waje. Mkulima anapakiwa ghala bure, yeye anatoa paa. Biashara ya namna hiyo naiheshimu.

Haya, siku ya pili.

Asubuhi mgawanyike. Mama na wale wadogo wawili waende Creative Discovery Museum, hayo makumbusho ya watoto, ipo mjini, hatua chache kutoka akwaria. Kuna eneo la maji lenye mto wa kuchezea, wa miaka 6 atafunga mabwawa na kufungua mabwawa mpaka aitwe kwa jina lake kamili. Bebeni nguo za kubadili, na viatu pia, watu husahau viatu. Kama mna kadi ya EBT (ya msaada wa chakula wa serikali), ulizeni mlangoni kabla ya kulipa: kwenye makumbusho yaliyo katika mpango wa Museums for All mtu analipa dola 3 au pungufu, na hakuna cha kuona haya.

Baba, kijana wa treni na bibi waende Tennessee Valley Railroad Museum. Iko nje kidogo ya katikati ya mji. Safari fupi ya Missionary Ridge ni dakika 55 kwenda na kurudi, kwenye mabehewa ya zamani, viti vya kukunja mgongo mbele na nyuma. Bibi anakaa kitini muda mrefu, anaangalia nyuma za nyumba za watu, na kwa mtu aliyepanda Reli ya Kati miaka ile atakuwa na hadithi za kuwapigia watoto. Mnapita kwenye handaki lililochimbwa mwaka 1858, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Lina urefu wa futi 986, na ni jembamba kiasi kwamba ukuta unauona karibu na dirisha. Upande wa pili mnashuka mnatazama kichwa cha treni kinavyopandishwa kwenye meza ya chuma na kuzungushwa kigeukie kilikotoka. Hapo kijana wako atahitaji kushikwa kola.

Na sasa niruhusuni niseme la kwangu. Kila ukurasa wa vivutio unaliweka mwisho au hauliweki kabisa: International Towing Museum. Ndiyo, makumbusho ya magari ya brekidauni. Brekidauni ya kwanza ilitengenezwa hapa Chattanooga mwaka 1916. Fundi mmoja, Ernest Holmes, aliitwa kutoa gari la rafiki yake lililotumbukia kwenye kijito. Akahangaika na watu, magogo, kamba na kapi, kutwa nzima. Akarudi gereji akiwa na hasira, na hasira hiyo ikazaa mashine: nguzo tatu, kapi na mnyororo juu ya gari kuukuu la Cadillac. Ukiingia pale utaona yalivyokua moja baada ya jingine, yamepigwa rangi nyekundu na dhahabu, shaba imesuguliwa hadi unaona meno yako. Winchi za zamani zina mkono wa kuzungusha kwa nguvu za mtu. Mtazame kwenye kishikio cha chuma, utaona palivyolika kwa viganja. Mimi nikiwa na wageni ndipo ninapowapeleka kwanza, mke wangu hunisubiri nje.

Mbele ya jengo kuna ukuta wenye majina ya madereva wa brekidauni waliokufa kazini. Wengi wetu hatufi kwa ajali zetu, tunagongwa tukiwa tumeinama barabarani tunafunga mnyororo kwenye gari la mtu mwingine. Karibu kila jimbo la Marekani, Tennessee likiwemo, lina sheria ya kuhama njia ukiona taa za njano zinawaka pembeni. Mkirudi Nashville usiku, hameni njia jamani. Huenda ni mimi.

Mvua: mwezi huu ni mvua za radi za alasiri, zinakuja na kupita. Wekeni mambo ya nje asubuhi na ya ndani mchana, msifanye kinyume. Mchana pia jua ni kali na unyevu ni mwingi, bibi awe na chupa ya maji mkononi, si kwenye begi la mjukuu.

Mwanachuo_UTC

Nyongeza ndogo kutoka kwa mtu asiye na gari wala hela. Kuna mabasi ya umeme ya CARTA, shirika la usafiri la hapa, ya katikati ya mji, bure, yapo tangu 1992. Angalieni ratiba kabla, siku nyingine yanachelewa. Na kule ng'ambo ya mto, Coolidge Park: karaseli ya farasi wa mbao ya mwaka 1894, wanyama wake wamechongwa kwa mkono, mzunguko mmoja ni vijisenti tu. Siyo farasi pekee, wapo na wanyama wengine. Kando yake kuna chemchemi yenye sanamu za wanyama wanaotema maji, watoto wanaloa bure. Halafu mkipita barabara ya Frazier angalieni chini: kuna nyayo za shaba zimepachikwa kwenye njia ya miguu zinakuonyesha jinsi ya kucheza dansi, waltz, tango na nyingine. Huyo dada wa miaka 13 atakataa kucheza, msijali, bibi atacheza.

MamaWanne

Mmenichekesha hadi mama mkwe kauliza nacheka nini, nikamsomea. Anasema magoti ni ya ngazi, ya dansi yapo.

Basi tumepanga hivi: siku ya kwanza akwaria, Hunter, kumbukumbu ya Ed Johnson, tunavuka daraja kwenda kwenye karaseli. Siku ya pili tunagawanyika kama Fundi alivyosema, na baba watoto keshasema brekidauni haikosi, kwa hiyo nadhani mmeshakuwa marafiki. Rock City atawapeleka wakubwa jioni ya siku ya kwanza wakiwa bado na nguvu. Maswali mawili ya mwisho: daraja la Walnut Street bibi analiweza? Na gari tuliweke wapi tusije tukalifuata kwenye yadi yako?

FundiSpana

Daraja lina sakafu ya mbao, halina gari hata moja tangu lilipofungiwa magari 1978. Walitaka kulibomoa, wananchi wakakataa, likafunguliwa kwa watembea kwa miguu 1993. Ila ni refu, futi 2,376, na katikati hakuna kivuli. Bibi atembee mpaka pale upepo wa mto unapomtosha, apige picha, arudi; baba amzungushie kwa gari upande wa pili. Halafu lile ni daraja la zaidi ya miaka 130, hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, kwa hiyo siku moja kabla angalieni kwenye tovuti ya jiji kama liko wazi. Likifungwa, daraja la Market Street liko jirani na lina njia ya miguu.

Likifungwa au lisifungwe, pitieni pia chini ya hilo la Market Street, kuna ngazi ambazo maji yanatiririka juu yake hadi karibu na mto. Watoto watajua wenyewe la kufanya. Ukutani kuna diski saba kubwa za udongo wa kuchomwa, kazi za wasanii wa Cherokee, kwa sababu hapo Ross's Landing ndipo Wacherokee wengi walipopakiwa kwenye mashua mwaka 1838 na kufukuzwa kwenye ardhi yao. Binti akishasoma ya Ed Johnson, ataziona diski hizo kwa jicho jingine.

Gari: chagueni jengo la maegesho la kulipia karibu na akwaria, mlipe siku nzima, mpige picha namba ya ghorofa. Msiingie kwenye viwanja vidogo vya binafsi kwa "dakika tano tu". Soma kibao chote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kigari na mabegi viwekwe kwenye buti kabla hamjafika, si mbele ya watu. Na mkiharibikiwa njiani pale Monteagle, siyo eneo langu, ila niandikieni humu, nitawaambia mwite nani.